Nilikuwa na Akili Timamu

Tangazo la kuwaonya majirani juu ya matapeli wa simu nililiandika mimi mwenyewe. Lilibandikwa kwenye mlango wa jengo letu hapa mjini Ruse, chini ya orodha ya zamu za kusafisha ngazi: "Majirani wapendwa, polisi hawaombi fedha kwa simu. Msitupe kitu chochote kutoka roshanini. Vlaicho Karadzhov, msimamizi wa jengo." Neno "msitupe" nililipigia mistari miwili. Wiki tatu baadaye nilisimama kwenye roshani yangu, ghorofa ya nne, nikatupa fedha taslimu, leva elfu kumi na tisa.

Watu hupenda kuisimulia habari hii kama kichekesho cha mzee aliyechanganyikiwa. Haikuwa hivyo, na nitaieleza ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumatano moja ya Oktoba, asubuhi. Simu ya mezani ililia, na mwanamke akaanza kunililia: "Babu! Babu, nimegonga mtu na gari, wananiweka ndani!" Mimi nina binti mmoja, mjukuu sina. Nikamwambia, "Mwanangu, tafuta kazi nyingine, hii hujaiweza," nikakata. Nilijisikia vizuri, sikatai. Hata kahawa nikajiongezea.

Baada ya dakika kumi ikalia tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyezoea kutoa amri bila kupaza sauti. Aliniita "bai", kama tunavyowaita wanaume wakubwa kwa heshima.

"Bai Vlaicho? Inspekta Grozev hapa, polisi. Pokea pongezi zangu. Hao uliowakatia simu tunawasikiliza tangu alfajiri."

"Niliwajua mara moja," nikasema.

"Ndiyo maana nakupigia wewe. Vijana wangu walipita hapo wakasoma tangazo lako. Niambie ukweli, humo jengoni yupo mtu mwingine wa kutegemewa?"

Niliwapitia majirani zangu mmoja mmoja kichwani. Nikamjibu kwa dhati kabisa kwamba hakuna.

Hapa lazima niseme jambo. Miaka kumi na moja, enzi zile za ukomunisti, nilikuwa mwanamgambo wa kujitolea. Baada ya kazi nilivaa kitambaa chekundu mkononi, nikazunguka mitaani pamoja na polisi. Nilikamata wezi wawili wa baiskeli na mlevi mmoja mwenye shoka. Tangu utawala ule uanguke mwaka themanini na tisa, hakuna ofisi iliyonipigia simu kunihitaji kwa lolote. Inspekta Grozev aliponiambia, "Tunahitaji msaada wako," mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Mpango wenyewe ulikuwa huu: wale wezi wataaminishwa kwamba nimekubali kulipa, nao watamtuma mtu chini ya roshani yangu. Nikimtupia karatasi tupu, wakili wake atasema hakuna kilichoibwa. Lazima akamatwe na fedha halisi mkononi, na kabla ya chakula cha mchana nitarudishiwa zote. Hoja ilikuwa nzuri. Hadi leo naona ilikuwa nzuri.

Fedha nilikuwa nazo nyumbani, kama watu wengi wa rika langu walioona benki zikifunga milango ile baridi ya tisini na saba. Nikazifunga kwa taulo, nikazitia katika mfuko wa dukani, nikavaa kofia yangu, nikatoka roshanini. Nikatupa. Mfuko ukanasa kwenye mjozi, ule mti mkubwa ulio mbele ya jengo.

Mtu alitokea upande wa gereji, mwanamume wa miaka arobaini na zaidi, koti la kijivu, kipara kinaanza. Akatazama juu ya mti, akanitazama mimi. Nilijua ni mpelelezi aliyevaa kiraia. Nikamwelekeza.

"Tawi la kushoto! Kushoto kwako, si kwangu! Juu kidogo!"

Akapanda. Alipanda vibaya, lakini alipanda. Alipoushika mfuko nikasimama wima nikampigia saluti. Akafikiri kidogo, huku ameukumbatia mti kwa mkono mmoja, halafu na yeye akanipigia saluti.

Yote hayo yalionwa na Tsonka wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akikung'uta zulia. Akapiga picha kwa simu yake. Hakumshuku mtu. Alikuwa tu hajawahi kuona mtu mzima juu ya mjozi wetu katikati ya wiki.

Nilisubiri hadi mchana. Nikasubiri hadi saa kumi. Halafu nikavaa koti, nikaenda kituoni mwenyewe kuuliza kazi yetu imefikia wapi. Askari wa mapokezi alikuwa mpole mno, na upole wake ndio ulionieleza. Hapakuwa na Inspekta Grozev. Hajawahi kuwapo.

*

Yule wa mtini walimpata kwa siku nne, kwa picha ya Tsonka. Anaitwa Zhivko Taslakov, dereva wa lori aliyeachishwa kazi. Fedha zilikuwa zimekwisha kuvuka mpaka. Mwisho wa Novemba niliitwa na mwendesha mashtaka, Radostina Kehayova, mwanamke mwenye macho mekundu ya kusoma na majalada hadi kwenye kiti cha wageni. Aliyahamisha ili nikae. Akaona nimebeba kitabu cha Sheria ya Adhabu cha maktaba, na vipande vya karatasi vimechomekwa ndani.

"Naona unasoma, Bwana Karadzhov, basi sitakuzungusha," akasema. "Sheria yetu ya ulaghai iliandikwa wakati tapeli alikuwa anakuja mlangoni kwa miguu yake. Inauliza swali moja: nani alikudanganya? Taslakov hakukudanganya. Hakufungua hata mdomo."

"Alinipigia saluti."

"Ya kujibu. Ulianza wewe."

"Na yule wa simu?"

"Yuko nje ya nchi, namba ilikufa siku ileile. Unajua Taslakov anasema nini? Kwamba mtu asiyemjua alimpa leva mia akachukue mfuko ulionasa mtini. Na kwamba mwenye mfuko mwenyewe alikuwa anamwelekeza tawi. Picha ya jirani yako inakuonyesha umenyoosha kidole."

"Kwa hiyo mmoja anasema uongo na habebi, mwingine anabeba na hasemi uongo. Na sheria inawatafuta wote wawili katika mtu mmoja."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita," akasema, "na sijasikia mtu akiieleza kwa ufupi hivyo. Ndiyo. Hilo ndilo tundu. Wizara inasema italiziba. Ilianza kusema hivyo nikiwa mwanafunzi."

Halafu akafungua droo, akatoa fomu.

"Kuna njia nyingine. Kifungu cha kuchukua mali ya mtu asiyejiweza, mtu asiyeelewa anachokifanya. Hicho hakihitaji uongo wowote. Kinahitaji karatasi ya daktari. Dakika ishirini tu: atakuuliza tarehe, atakwambia uchore uso wa saa. Una miaka sabini na minane, hakuna atakayeshangaa. Taslakov atapata miaka mitano."

"Na karatasi itasema nini?"

"Kwamba siku ile uwezo wako wa kuamua ulikuwa umepungua."

"Ulikuwa umezidi, mheshimiwa. Siku ile nilifikiri kuliko siku zote za mwaka ule."

"Bwana Karadzhov, ni karatasi tu."

"Basi iandike wewe kwa jina lako."

Alikaribia kucheka, akajizuia. Akaniambia nina muda hadi kesi ianze. Fomu niliiacha juu ya meza yake. Aliituma kwa posta, na siku mbili baadaye ilikuwa juu ya meza yangu.

*

Posta ilipoileta, aliyeifungua ni binti yangu. Zornitsa ana duka la dawa Varna. Alikuwa amekuja kwa basi na mtungi wa pilipili za kusaga na hasira ya safari nzima.

"Baba, chora tu hiyo saa."

"Saa najua kuichora. Unataka niichore vibaya?"

"Nataka yule mwizi akalale ndani. Wewe hutaki?"

"Nataka kuliko wewe. Mfuko ulikuwa wangu."

"Basi shida iko wapi? Daktari anasema neno lake, hakimu anasoma, yamekwisha. Hakuna atakayekuja kuibandika mlangoni."

"Na siku nikitaka kuandika wosia? Nikitaka kupinga bili ya maji? Mtu yeyote atakwenda kulivuta lile jalada na kusema, huyu aliandikwa hajiwezi tangu mwaka juzi."

Zornitsa akaweka kijiko chini. "Mtu yeyote ni nani? Mimi?"

"Sijasema wewe."

"Umenitazama mimi."

"Humu ndani niko na wewe tu, nimtazame nani?"

Akaondoka mezani akaenda kusimama kwenye mlango wa roshani, mgongo kwangu. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka.

"Baba, wanakucheka. Nimepita sokoni, muuza jibini ameniuliza, 'Hajambo Tawi la Kushoto?' Nilitaka ardhi inimeze. Ukiwa na karatasi ya daktari, angalau watanyamaza."

"Watanyamaza wanihurumie. Mtu mwenye akili aliyekosea huchekwa, Zornitsa. Mimi nachagua wanicheke."

"Hicho ni kiburi."

"Ni kiburi. Kimenigharimu, kwa hiyo ni changu."

Sikumwambia yaliyobaki kwa sababu anayajua, alikuwapo. Baba yangu alitia kidole gumba badala ya saini mpaka anakufa. Mimi niliingia karakana ya meli nikiwa na darasa la saba, na nilipofika miaka thelathini na miwili, mke wangu akiwa na mimba yake yeye Zornitsa, nikajiandikisha shule ya jioni. Miaka minne. Nilikaa dawatini na mafuta ya mashine chini ya kucha, nikisinzia kwenye kemia, nikijipiga kibao ili niamke. Cheti nilikipata nikiwa na thelathini na sita, na siku ile mtoto alinishika mkono jukwaani. Baada ya hapo sijaacha kusoma. Akili hii sikuikuta barabarani. Leo naambiwa niseme, kwa saini yangu mwenyewe, kwamba haikuwamo nyumbani siku walipokuja wezi.

Fomu niliichana vipande vinne. Zornitsa aliokota vipande akavitupa, akaosha vyombo kwa kelele, na asubuhi akarudi Varna bila kunibusu.

*

Kesi ilisikilizwa mwezi Machi. Kwenye korido Kehayova alinivuta kando, jalada kifuani.

"Daktari hukumwona, sawa. Lakini nimemwomba hakimu akuulize mwenyewe, na akiona dalili anaweza kuamuru uchunguzi. Atakuuliza kama ulielewa ulichokuwa unafanya. Nakuomba useme 'sikumbuki vizuri.' Maneno mawili. Hayo mengine niachie mimi."

"Na nikisema nakumbuka?"

"Taslakov anatoka pale mlangoni mbele yako, na anakuaga."

Taslakov alikaa na wakili wake, kijana mwenye tai ya zambarau. Alikuwa amenyoa vizuri. Alinisalimu kwa kichwa kama watu waliofanya kazi pamoja.

Hakimu alikuwa mwanamume mzito mwenye mafua. Alisoma, akapiga chafya, akasoma tena. Picha ya Tsonka ikazungushwa, na watu waliokaa nyuma wakacheka. Halafu akaniita mbele.

"Bwana Karadzhov, siku ile, ulipoutupa mfuko, ulielewa ulichokuwa unakifanya?"

Wakili wa zambarau alitabasamu. Yeye ndiye aliyekuwa akiomba niseme ndiyo. Kehayova alitazama karatasi zake na kalamu yake ikatulia. Katika chumba kile waliotaka niseme ukweli walikuwa mwizi na mtetezi wake peke yao, na nilikuwa na nafasi ya kuwafurahisha au kuwakomoa. Nakiri kwamba nilitamani sana kuwakomoa. Mdomo wangu ulifunguka, na sikuwa na hakika ni neno gani litatoka.

"Nilielewa kila kitu isipokuwa kimoja," nikasema, "kwamba aliyenipigia simu si polisi. Nilitupa fedha zangu kwa kukusudia, ili mwizi akamatwe. Nilikuwa na akili timamu, mheshimiwa, na ninayo hadi sasa. Aliyeniambia uongo ni tapeli, na aliyebeba matunda ya uongo ule amekaa pale, na anajua alichobeba. Hakuna anayelipwa leva mia kuchukua mfuko wa taulo. Kama sheria haina jina la kumwita, upungufu ni wa sheria. Si wangu."

"Jibu swali tu," hakimu akasema, lakini hakulisema kwa ukali.

"Nimelijibu."

"Upande wa utetezi hauna swali," akasema wakili wa zambarau, na kalamu akairudisha mfukoni.

Taslakov aliachiwa saa tano na dakika arobaini. Kwenye ngazi alinipita, akasita, akasema, "Asante, bai." Sikumjibu. Kehayova naye alinipita akiwa na jalada, na akanong'ona bila kusimama, "Mkaidi wewe." Niliteremka chini kwa karani nikaomba nakala ya hukumu yenye mhuri. Karani aliniuliza ya nini, kwani nimeshindwa.

"Ndiyo maana," nikamwambia.

*

Mwezi Mei gazeti liliandika kwamba kamati ya bunge inayotazama mabadiliko ya sheria ya ulaghai inawaalika wananchi kutoa maoni. Nilipanda treni ya saa kumi na mbili asubuhi, nikafika Sofia mchana na hukumu yangu kwenye bahasha na mikate miwili ya jibini kwenye mfuko.

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Mbele walikaa wanakamati saba, na mwenyekiti alikuwa mwanasheria mwenye nywele fupi za mvi, Iskra Velchovska. Pembeni yake alikaa mshauri wao, Tabakov, mwenye miwani minene, ndiye aliyeiandika rasimu. Rasimu iligawiwa mlangoni. Niliisoma nimesimama, na ibara ya pili niliisoma mara tatu.

Tundu waliliona, sikatai. Ibara ya pili ilisema kwamba anayekwenda kuchukua mali iliyopatikana kwa uongo, akijua au akiwa na sababu ya kujua, atahesabiwa pamoja na aliyesema uongo huo. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyataka. Lakini sentensi ilikuwa na mkia: "endapo aliyedanganywa ana umri unaozidi miaka sabini, au kwa udhaifu wa akili hana uwezo kamili wa kuamua."

Zamu yangu ilipofika nilipewa kipaza sauti na dakika tatu. Niliweka hukumu juu ya meza yao.

"Huyu ameachiwa huru mwezi wa tatu," nikasema. "Angefungwa kama ningekubali kuandikwa kwamba sijiwezi. Sikukubali. Sikuja kuomba mnilinde. Nimekuja kuripoti tundu, na naona mmeanza kuliziba, ila mmenichukua mimi mwenyewe mkanifanya kizibo."

Watu walicheka. Velchovska hakucheka. "Fafanua, tafadhali."

"Mkia wa ibara ya pili. Ukatwe."

Tabakov akainua mkono. "Bwana Karadzhov, mkia huo umewekwa kwa ajili yenu."

"Nani 'nyinyi'?"

"Wazee. Ninyi ndio mnaolengwa."

"Kijana, mimi sikudanganywa kwa uzee. Nilidanganywa kwa sababu nilitaka kusaidia polisi. Mtu wa miaka thelathini hawezi kutaka hivyo?"

"Takwimu zinaonyesha..."

"Takwimu zako zinawahesabu walioripoti. Mzee akiripoti anapewa chai. Mtu mzima mwenye kazi akiripoti anaulizwa kichwa chake kiko wapi. Sasa nani ataripoti?"

"Nitakueleza jambo la wazi," Tabakov akasema, akavua miwani. "Kampuni za usafirishaji wa vifurushi hazitaki ibara hii kabisa, zinahofia wabebaji wao kushtakiwa. Kwa mkia huo wamekubali, inapita mwezi ujao. Bila mkia, labda isipite kamwe. Unataka sheria au hutaki?"

Lilikuwa swali lilelile la korido ya mahakama, limevaa suti tu. Nilifikiria Kehayova na majalada yake, na wangapi wangepanda miti mingine kabla sheria nyingine haijaandikwa. Sikuwa na uhakika kwamba niko sahihi. Nilikuwa na uhakika tu kwamba mkia ule sitautia saini.

"Naitaka," nikasema. "Lakini msiipitishe kwa jina langu. Kama uongo ni kosa, ni kosa nikiambiwa mimi, ni kosa ukiambiwa wewe. Mnaandika kwamba mwenye akili akidanganywa ni shauri lake. Ndivyo matapeli nao wanavyosema."

"Dakika tatu zimekwisha," karani akasema.

"Najua kusoma saa," nikamjibu, na sikukaa.

Hapo mwanamke akasimama safu ya tano. Alikuwa kwenye umri wa Zornitsa au chini yake, koti la kijani, mkoba wa shule begani. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji.

"Kalina Rusinova," akasema. "Nafundisha hesabu, Pernik. Nina miaka arobaini na mmoja." Akatazama kamera ya televisheni iliyokuwa ukutani, kisha akaipa mgongo. "Waliniambia nasaidia benki kumkamata karani mwizi. Nilitoa akiba yote nikaitia kwenye pipa la taka mbele ya shule, ndani ya boksi la viatu. Niliona mtu akija kulichukua, nikajificha nyuma ya gari ili nisimharibie kazi. Mume wangu anaamini nilipoteza zile fedha kwenye hisa. Sikwenda polisi. Nilikuja leo kusikiliza tu."

Aliushusha mkoba, akainua rasimu.

"Kwa mkia huu," akaendelea, "yule wa pipa ni mtu huru. Mimi sijafika sabini, na akili yangu mnaweza kuipima. Nimepiga hesabu hapa kitini: inabaki karibu miaka thelathini ili nistahili."

Nyuma kabisa mwanamume akasema bila kusimama, "Hamsini na mbili. Kapteni mstaafu wa jeshi. Kwangu lilikuwa sanduku la posta." Mwingine akakohoa, akainua mkono, akaushusha, akauinua tena.

Velchovska alimgeukia mshauri wake. "Bwana Tabakov, tukiyaondoa maneno hayo, ibara inasimama?"

"Inasimama, mheshimiwa, lakini kampuni..."

"Nimeuliza kama inasimama."

"Inasimama."

Akachukua kalamu. Nilikuwa mbali, sikuona alichoandika, lakini niliona mkono ukienda kulia kwa mstari mrefu ulionyooka. Halafu akanitazama juu ya miwani yake.

"Bwana Karadzhov, unajua kwamba hata ikipita, haitarudi nyuma kwa mtu wako? Ameachiwa, ameachiwa moja kwa moja."

"Najua, mheshimiwa. Ibara ya pili ya kitabu cha Sheria ya Adhabu: sheria kali haiangalii nyuma. Nimeisoma."

"Kwa hiyo wewe hupati kitu."

"Nilikwisha kupata. Hakuna karatasi."

Kampuni za vifurushi zilipiga kelele majira yote ya joto. Sheria ilipita Julai, kwa kura nne za ziada. Zornitsa alinipigia simu kutoka Varna, akanisomea gazeti zima kana kwamba sina macho, na mwisho akasema, "Baba, umenikera kuliko mtu yeyote duniani," na hakukata simu kwa nusu saa.

Mwezi Septemba, siku ninazonunua pilipili za kuchoma, nilikuwa sokoni nikichagua moja moja. Mtu akasimama pembeni yangu. Alikuwa Taslakov, na yeye ana kapu.

"Bai Vlaicho! Bado uko hai?"

"Bado. Na wewe? Umepata kazi?"

"Naendesha lori la saruji. Kazi ya jua." Akasogea karibu, akapunguza sauti kama anayenitendea wema. "Wale jamaa walinitafuta tena, unajua. Leva mia mbili, kwenda kuchukua begi tu. Nikawaambia siku hizi hapana. Kuna sheria mpya, mbebaji naye anakwenda ndani, liwe begi la mzee au la kijana, hawabagui. Umeisikia?"

"Isome mwenyewe," nikamwambia. "Ibara ya pili. Ni fupi."

"Nani ana muda wa kusoma, bai?"

"Kuna shule ya jioni," nikasema, nikampa muuzaji pilipili zangu azipime.